"Trade" na "Barter": Maneno Mawili ya Sokoni na Hukumu Zake



Ndugu zangu wanafunzi, sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye kabla ya utume alifanya kazi ya biashara na watu wakamwita Mwaminifu.

Somo la leo linaanza kama somo la Kiingereza na kufika katikati litakuwa somo la fiqhi. Katika darasa letu la Jumamosi hapa Gihosha, wengi wetu tumesoma kwa Kifaransa tangu utotoni, nyumbani tunasema Kirundi na Kiswahili, na Kiingereza kimetufikia tukiwa tumeshakuwa wakubwa. Nchi yetu ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na sheria ya mwaka 2014 ikakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Kwa hiyo mwanafunzi wa uchumi, wa sheria au wa biashara hana pa kukikimbilia.

Ninaposahihisha insha za darasa hilo, maneno yanayochanganywa kuliko mengine ni "trade" na "barter". Mmoja ameandika: "Burundi barters its coffee to Europe." Mwingine ameandika kwamba alikwenda soko la Ruvumera, "and I bartered with the seller until the price came down." Sentensi zote mbili zina kosa, na makosa yenyewe ni tofauti. Tuyatazame maneno haya moja moja, kisha tuone kwa nini Muislamu anahitaji kuijua tofauti yake hata siku ambayo hakuna mtihani.

1. "Trade" ni neno pana

"Trade" ni jina na pia ni kitenzi. Maana yake kuu ni biashara, yaani shughuli nzima ya kununua na kuuza, iwe ya mama mwenye meza ya nyanya au ya nchi na nchi. Neno hili halisemi malipo yamefanyika kwa njia gani. Ukilipa faranga taslimu, ukituma kwa Lumicash, ukichukua kwa deni au ukitoa gunia la mchele, yote yanaingia ndani ya "trade".

Angalia maneno madogo yanayolifuata, kwa sababu ndiyo yanayobadilisha maana:

"Trade in" hufuatwa na bidhaa. "My uncle trades in palm oil." Mjomba wangu anafanya biashara ya mawese.

"Trade with" hufuatwa na mtu au nchi. "Burundi trades with Tanzania." Burundi inafanya biashara na Tanzania.

"Trade" kitu "for" kitu kingine ni kubadilishana. "He traded his bicycle for a radio." Alitoa baiskeli akapewa redio. Matumizi haya ya tatu ni ya Wamarekani zaidi. Mwingereza angesema "swapped" au "exchanged". Hapa ndipo "trade" inapogusana na jirani yake "barter".

Asili ya neno lenyewe ni njia. Liliingia Kiingereza katika zama za kati kutoka lugha za wafanyabiashara wa pwani za kaskazini ya Ulaya, likiwa na maana ya njia inayopitwa au mkondo wa chombo. Kutoka hapo likawa njia ya mtu ya kuishi, yaani kazi yake, kisha likawa biashara. Ndiyo maana mpaka leo seremala ana "trade" yake, maana yake ufundi wake, na "trade union" ni chama cha wafanyakazi. Hata "trade winds", pepo zinazovuma bila kubadili mwelekeo, zilipewa jina hilo kwa kufuata njia moja, na biashara ilikuja kuhusishwa nazo baadaye.

2. "Barter" ni neno finyu

"Barter" ni kubadilishana mali kwa mali bila fedha kuingia katikati. Kifaransa husema "troc", na Kirundi husema "kugurana", tofauti na "kudandaza" ambako ni kufanya biashara kwa jumla. Mfano: "They bartered salt for palm oil." Walitoa chumvi wakapata mawese.

Kwa hiyo kila "barter" ni "trade", lakini si kila "trade" ni "barter". Ni kama kusema kila mukeke ni samaki, lakini si kila samaki ni mukeke. Burundi huuza kahawa yake na kulipwa fedha za kigeni, basi hiyo ni "trade", na mwanafunzi wetu wa kwanza angeandika "sells" au "exports".

Mwanafunzi wa pili alilitaka neno "bargain". Kupatana bei, kuvutana na muuzaji mpaka ashuke, ndiko "to bargain" au "to haggle". Maneno "barter" na "bargain" yanafanana kwa sauti tu. Anayepatana bei anazungumzia fedha, na penye fedha "barter" imeshaondoka.

Katika vitabu vya shule vya Kenya na Tanzania utakuta "barter trade". Ni sahihi na kunaeleweka, ingawa "barter" peke yake inatosha.

Jambo moja zaidi kuhusu asili. Wataalamu wengi wa lugha wanalihusisha neno hili na kitenzi cha Kifaransa cha kale chenye maana ya kudanganya. Harufu ya asili hiyo imebaki katika "barter away", ambayo ni kutoa kitu cha thamani kwa kitu duni: "Do not barter away your honour." Usiiuze heshima yako kwa kitu kisicho na maana.

3. Maneno haya katika tafsiri za Qur'an

Wengi wetu tunaisoma tafsiri ya Kiingereza ya Abdullah Yusuf Ali, iliyoanza kuchapishwa Lahore mwaka 1934. Katika Suratul Baqara aya ya 16, Allah anawataja wanafiki waliouacha uongofu wakachukua upotofu, na kwamba biashara yao haikuwapa faida. Hapo mfasiri ametumia kitenzi "barter" kwa kile kitendo cha kubadilisha, na neno la Kiarabu "tijara" akalitafsiri "traffic".

Kijana wa leo akikutana na "traffic" huwaza msongamano wa magari au biashara haramu. Katika Kiingereza cha mfasiri yule lilikuwa neno la kawaida la biashara. Ukifika Suratus Saff aya ya 10, ambapo waumini wanaonyeshwa biashara itakayowaokoa na adhabu, "tijara" ile ile ameitafsiri "bargain", na hapo maana yake ni mapatano yenye faida, wala si kuvutana bei. Na katika Suratun Nur aya ya 37, panaposifiwa watu ambao hawashughulishwi na tijara wala "bay'" wakaacha kumkumbuka Allah, Kiarabu chenyewe kimeweka maneno mawili yaliyo karibu. Baadhi ya wafasiri wameeleza kwamba tijara ni ile kazi kwa upana wake, na bay' ni tendo moja la kuuza. Kutoka bay' Kiswahili kimepata neno "bei", na kutoka "tajir", mfanyabiashara, tukapata "tajiri".

4. Fedha huanzia wapi?

Kabla ya kuingia katika hukumu, tujiulize swali moja: mpaka kati ya "barter" na biashara ya fedha uko wapi? Ziwa letu lina jibu.

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani, Bagamoyo na kwingineko, ilifika Ujiji ikiwa na vitambaa vya merikani, shanga na waya wa shaba. Kutoka upande wa bara zilikuja pembe za ndovu na, kwa huzuni, watu waliofanywa watumwa. Wenyeji wa mwambao walileta samaki, mawese na nafaka, na chumvi ilitoka Uvinza. Anayesoma juu juu huona yote hayo ni "barter". Lakini wasafiri waliofika Ujiji waliandika kwamba sokoni kulikuwa na shanga zilizoitwa sofi, na kwamba watu walizipokea kama malipo ya kila kitu.

Muuza samaki hakuzitaka zile sofi ili azivae. Alizipokea kwa sababu alijua muuza mihogo naye atazipokea. Siku kitu kinapopokelewa ili kikalipie kingine, kitu hicho kimekuwa fedha, hata kikiwa shanga. Kwa hiyo samaki kwa chumvi ni "barter", na samaki kwa sofi ni kuuza na kununua. Likumbuke jambo hili, kwa sababu mafakihi wanalitazama kwa jicho hilo hilo: wanauliza kitu hiki ni bidhaa au ni thamani ya kununulia bidhaa.

5. Majina ya mafakihi

Wanazuoni wa fiqhi walizigawa bay' kwa kutazama kinachotolewa na kinachopokelewa, na wakaipa kila moja jina lake:

Bidhaa kwa fedha ni bay' ya kawaida, ile tunayoifanya kila siku dukani.

Bidhaa kwa bidhaa ni muqayadha. Hii ndiyo "barter".

Fedha kwa fedha ni sarfu, yaani kubadilisha fedha.

Fedha sasa na bidhaa baadaye ni salam, yenye masharti yake.

Zote nne ni "trade", na zote zinaingia katika halali ambayo Allah ameitaja katika Suratul Baqara aya ya 275 alipoihalalisha bay' na kuiharamisha riba. Lakini masharti ya moja si masharti ya nyingine. Mtu akisema tu, "Nimefanya biashara, na biashara ni halali," bado hajatwambia amefanya ipi.

6. Tende za Bilal

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Bilal (R.A.) alimletea Mtume (S.A.W.) tende nzuri za aina ya barni. Mtume akamuuliza amezipata wapi. Bilal akaeleza kwamba alikuwa na tende duni, akatoa pishi mbili za hizo akapata pishi moja ya nzuri. Mtume alisikitika na akamwambia kwamba hiyo ndiyo riba yenyewe. Kisha akamwonyesha njia: aziuze zile tende duni, na kwa thamani atakayopata anunue nzuri.

Itazame hadithi hii kwa macho ya somo letu. Bilal alifanya "barter" ya tende kwa tende kwa vipimo visivyolingana. Mtume hakumkataza kupata tende nzuri, wala hakumwambia kwamba tende duni na nzuri zina thamani moja. Alimtoa kwenye mabadilishano ya kitu kwa kitu cha jinsi yake, akampeleka kwenye mauzo mawili yenye fedha katikati. Moja ya hekima tunazoweza kuziona ni kwamba fedha huzitenga tende mbili zile, kila moja ikasimama mbele ya bei yake, na mwenye tende duni akajua hasa amepata kiasi gani. Wakibadilishana moja kwa moja, mmoja anakisia na mwingine huenda anajua.

Kanuni yenyewe imekuja katika hadithi za Abu Said al-Khudri na Ubada bin Samit (R.A.), zilizopokewa na Muslim. Vitu sita vimetajwa: dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi. Kikibadilishwa kitu kwa jinsi yake, ni sharti viwe sawa kwa sawa na mkono kwa mkono. Jinsi zikitofautiana, kama tende kwa ngano, mmoja anaweza kutoa zaidi, lakini bado ni mkono kwa mkono.

Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu sababu inayoviunganisha vitu hivyo sita. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo inayofuatwa na wengi katika Afrika Mashariki, dhahabu na fedha ni kwa sababu ni thamani za vitu, na vile vinne ni kwa sababu ni chakula. Kwa msingi huo mchele wetu, mahindi, maharage, ndagala na mawese vinaingia humo. Kuhusu noti za karatasi, Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha Amman mwaka 1986 iliamua kwamba zina hukumu ya thamani kamili kama dhahabu na fedha.

7. Mambo yetu ya kila siku

Sasa tuilete kanuni nyumbani. Kila ukikutana na mabadilishano, uliza maswali matatu: Ni nini kwa nini? Ni sasa au baadaye? Ni sawa au kuna ziada?

Dhahabu. Dada anakaribia kuolewa. Ana mkufu wa zamani, anaupeleka kwa sonara, anachukua mkufu mpya na kuongeza fedha juu. Kiingereza cha dukani huita hivyo "trade-in", na masikioni ni jambo la kawaida kabisa. Lakini ni dhahabu kwa dhahabu, na upande mmoja una ziada. Hii ni tende ya Bilal ikiwa imevaa mkufu. Njia yake ni ile ile: auze mkufu wa zamani, apokee fedha yake mkononi, kisha anunue mpya kwa bei yake, na awe na uhuru wa kweli wa kwenda kwa sonara mwingine.

Noti. Juni 2023 Benki Kuu yetu, BRB, ilitangaza kuziondoa noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000, na muda uliotolewa ulikuwa siku 10. Tuseme mtu katika hali kama hiyo ameshikilia noti za zamani za faranga 100,000, na jirani anamwambia, "Nipe, nikupe mpya za 90,000." Maswali yetu matatu yanajibu: ni faranga kwa faranga, na haziko sawa. Hiyo ni riba, na vivyo hivyo noti iliyochanika inayonunuliwa kwa pungufu. Anayetaka kulipwa kwa kazi ya kupanga foleni benki kwa niaba ya mwenzake anadai ujira, na ujira hutajwa peke yake, huku faranga 100,000 zikirudi kamili kwa mwenyewe.

Dola. Ndugu yetu anakwenda kusoma Kampala. Anatoa faranga leo kwa mtu anayeahidi dola Ijumaa. Faranga na dola ni jinsi mbili, basi bei ni ya kupatana, lakini ni sarfu, na sarfu ni mkono kwa mkono. Waahidiane kukutana Ijumaa, na siku hiyo kila mmoja atoe chake papo hapo.

Simu. Unatoa simu yako ya zamani na kuongeza faranga upate nyingine. Simu si chakula wala si thamani, kwa hiyo ziada hapa haina tatizo. Kinachokubana ni ukweli: betri inayokufa saa sita mchana itajwe. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa.

Maharage. Hili ndilo zito kuliko yote, kwa sababu linawagusa wazazi wetu vijijini. Msimu wa njaa mtu hupewa debe moja la maharage, na wakati wa mavuno hutakiwa arudishe mawili. Wengine huchukua fedha na kulipa kwa mazao yaliyo bado shambani, kwa kiasi kinachowamaliza. Kirundi kinauita mkopo wa aina hii umurwazo. Mwenye ghala atasema amefanya biashara ya maharage. Kwa Kiingereza sahihi hiyo si "barter" wala si "trade", kwa kuwa hakuna bidhaa mbili zilizokutana. Kuna mkopo, "loan", na kuna ziada juu ya mkopo.

Na mwenye shida afanyeje? Sharia haikumfungia mlango. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja au miwili kabla ya kuzipokea. Hakuikataza, bali aliiwekea masharti: kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Hiyo ndiyo salam. Mnunuzi alipe bei yote leo, mkulima alete kilo zilizotajwa siku iliyotajwa, na bei iwe ya haki. Na wenye uwezo wasisahau mlango ulio bora zaidi, mkopo mwema usio na ziada, ambao malipo yake yako kwa Allah.

8. "Trading" ya kwenye simu

Neno "trade" sasa linatembea na vijana mabwenini kwa sura nyingine. Mtu anakwambia, "Mimi ni trader," naye hana duka wala mzigo. Ananunua na kuuza fedha za kigeni kwenye programu ya simu.

Jina lisikutishe wala lisikuvutie. Rudi kwenye maswali matatu. Ni nini kwa nini? Fedha kwa fedha, basi ni sarfu. Ni mkono kwa mkono? Hapo lazima uulize kama kweli kuna kitu kimeingia katika milki yako, au ni namba inayopanda na kushuka. Kuna ziada? Kampuni nyingi za aina hii hukukopesha ili ucheze kwa kiasi kikubwa kuliko ulichonacho, na ukilala na mkataba wazi unatozwa au unalipwa kiasi wanachokiita "swap". Neno hilo kwa Kiingereza cha kawaida ni kubadilishana tu, kama watoto wanaobadilishana kalamu. Humo ndani ni riba ya usiku mmoja. Kabla ya kutia ada ya chuo mahali kama hapo, mpelekee sheikh mkataba wenyewe na sio jina lake.

9. Mazoezi

A. Jaza nafasi kwa "trade", "barter" au "bargain", katika umbo linalofaa:

1. Many families in Rumonge ______ in palm oil.
2. Before coins reached the village, people ______ fish for cassava.
3. She ______ with the tailor until he lowered his price.
4. The two countries signed a ______ agreement.
5. Do not ______ away your prayer for a little profit.

B. Toa hukumu kwa kufuata madhehebu ya Shafi'i:

1. Mama anatoa kilo 10 za mchele mzuri wa Imbo na kupokea kilo 14 za mchele uliovunjika, papo hapo.
2. Mvuvi anatoa kilo 5 za ndagala kavu na kupokea kilo 12 za mihogo, papo hapo.
3. Mvuvi huyo huyo anatoa ndagala leo, na mihogo ataletewa wiki ijayo.

Majibu ya A: 1. trade. 2. bartered. 3. bargained. 4. trade. 5. barter.

Majibu ya B: 1. Haifai, kwa kuwa ni mchele kwa mchele na vipimo havilingani. Auze mmoja, anunue mwingine. 2. Inafaa. Jinsi ni mbili na kila mmoja amepokea chake. 3. Haifai, kwa kuwa ni chakula kwa chakula na upande mmoja umecheleweshwa. Mvuvi auze ndagala kwa bei ya faranga, na mnunuzi akiwa hana kitu leo, adaiwe faranga hizo hadi wiki ijayo bila kuongezwa.

Aliyepata yote manane amsahihishie mwenzake. Aliyekosa swali la B asome tena sehemu ya sita, kisha akaulize darasani.

Toleo lijalo, Allah akipenda, tutayachukua maneno "profit" na "interest". Kirundi kinayaita yote mawili "inyungu", na Kiswahili cha sokoni huyaita yote mawili "faida". Kila mmoja aje na mfano mmoja kutoka kwenye mkataba aliouona kwa macho yake.

Wabillahi tawfiq.